Kope Kabla ya Ngumi

Kwa siku tatu Mkasi alikuwa akisema ni kabati. Mlango wa kabati la studio, ule wa juu, usiofunga vizuri. Alisema hivyo Alhamisi jioni, shavu likiwa bado linavimba. Akarudia Ijumaa. Jumamosi mama yake hakuuliza tena, na hapo ndipo Mkasi alipopaswa kuogopa. Mama yake alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na sita katika chumba cha kushona majeraha, na muuguzi akiacha kuuliza, ujue ameshaandika.

Jumapili saa nne asubuhi mlango uligongwa mara mbili, polepole.

"Nenda kafungue," alisema Mama. "Ni mgeni wangu."

Alikuwa Kiwiko, kijana aliyetaka kumwoa Mkasi. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama, na viatu alikuwa amevivua tayari, akavipanga kando ya ukuta kama mtu aliyeambiwa asije akakanyaga kitu. Mkasi alimtazama, naye akamtazama. Walikuwa hawajaonana tangu Alhamisi. Macho ya Kiwiko yalikwenda moja kwa moja kwenye shavu lake, yakabaki pale.

"Amekuita yeye?" Mkasi alinong'ona.

"Alinipigia simu jana. Aliniambia nije peke yangu, na nisikwambie."

Sebuleni Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kilichotazama dirisha. Pembeni yake alikaa Mjomba, mdogo wake Mama, kinyozi mwenye mashavu manene. Baba yake Mkasi alifariki zamani, kwa hiyo familia ilipohitaji mwanaume wa kukunja uso, Mjomba ndiye aliyefunga duka akaja. Leo uso aliukunja kwa bidii, lakini kila mara ulijikunjua wenyewe.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mjomba."

Mjomba aliitikia. Mama aliangalia mikono ya kijana kabla ya kuangalia uso wake.

"Marahaba. Simama hapo kwenye mwanga."

Kiti kilikuwepo. Hakumkaribisha.

"Nipe mkono wa kulia."

Kiwiko aliunyoosha. Ulikuwa mkono wa fundi magodoro: gundi kavu kwenye kucha, alama za sindano ndefu kwenye vidole. Mama aliugeuza, akaminya vifundo kimoja kimoja, kama anavyofanya kazini akitafuta mfupa uliopasuka. Kwenye kifundo cha pili Kiwiko alivuta pumzi.

"Hiki kimevimba. Umekigonga wapi?"

"Mama, nilishakwambia," Mkasi alidakia, "lile kaba..."

"Sijakuuliza wewe."

Kiwiko alimtazama Mkasi. Walikuwa wamekubaliana: ni kabati, na kabati litabaki kabati. Mkasi alimwomba kwa macho. Yeye akayashusha yake kwenye zulia, kisha akayainua kwa Mama.

"Kwenye shavu lake, mama."

"Lo!" alisema Mjomba, na mara hii uso ulikunjika wenyewe.

Mama aliuachia ule mkono. Hakupaza sauti; hakuwa na desturi ya kupaza sauti.

"Haya. Angalau mmoja wenu anajua kusema. Mimi nimeshona midomo ya wanawake tangu huyu binti hajaanza shule. Unajua wote waliumiaje? Walianguka kwenye ngazi. Mtu anakaa chumba kimoja, hana hata kizingiti, lakini kaanguka kwenye ngazi. Na wangu mimi kagongwa na kabati. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa nakwambia hivyo tangu ukiwa mdogo, sikukwambia?"

"Uliniambia, mama," Mkasi alijibu.

"Na Ijumaa yule dada wa mafaili akaniita. 'Sista, njoo umwone binti yako kwenye kompyuta, amekuwa staa.' Nikaenda na miwani yangu. Dakika nane na sekunde arobaini, mwanangu anapigwa. Chini yake wameandika watu kwa lugha nisizozijua, wanacheka, wanaweka nyota. Watu elfu arobaini na moja wamekaa wakamtazama mwanangu akipigwa."

"Elfu arobaini na tatu," alisema Mjomba.

Wote wakamgeukia.

"Asubuhi hii. Nilikuwa napita tu."

"Umepita kwenye kompyuta?"

"Kuna intaneti jirani na duka langu, dada. Mtu unapita." Akakohoa. "Endelea, endelea."

Mkasi angecheka siku nyingine. Leo alijua kilichokuwa hatarini. Jumapili iliyofuata shangazi yake Kiwiko alitarajiwa kuja kuzungumza habari ya ndoa. Nyumba hii ikisema hapana leo, hakuna shangazi atakayepanda gari.

Miezi kumi na moja nyuma, Kiwiko aliingia studio na kanda mbili mkononi, akiwa amejaa vumbi la sponji mpaka kwenye nyusi. Studio ilikuwa ya video za harusi, na Mkasi alikuwa akikata na kuunga picha siku nzima. Jina lake lilitoka hapo. Kiwiko alitaka mtu amkatie pambano: yeye na mwenzake, kwenye paa la karakana, wakirukiana mateke na kuangukia magodoro mabovu. Alijifunza peke yake, kwa kutazama na kurudia. Mkasi alikata, akamwambia kwamba yule mwenzake anacheza vibaya, anaanguka kabla hajapigwa. "Basi njoo uanguke wewe," alisema Kiwiko. Mkasi akaenda.

Kompyuta ya studio haikuwa na intaneti, hivyo kila video waliipeleka kwenye duka la intaneti mtaa wa pili, na kuipandisha mtandaoni kulichukua tangu saa sita mchana mpaka jioni. Tovuti haikukubali video iliyozidi dakika kumi. Hata hizo chache ziliingia tone kwa tone. Walikaa kwenye viti viwili vya plastiki, wakiangalia asilimia zikipanda. Laini ikikatika wanaanza upya. Kwenye asilimia thelathini Mkasi alimweleza Kiwiko habari za marehemu baba yake. Siku moja, kwenye asilimia tisini na mbili, laini ilikatika, na Mkasi akagundua kwamba amefurahi.

"Nimeitazama mara kumi na moja," Mama alikuwa akisema. "Nimehesabu. Amekupiga mara kumi na saba."

"Hakuna hata moja iliyonifika, mama. Kamera inakaa nyuma ya bega lake. Ngumi inapita mbele ya uso wangu, nafasi ya kiganja kizima inabaki katikati, lakini kamera haiioni. Mimi nageuza kichwa, naanguka. Anayepigwa ndiye anayefanya kazi. Mpigaji anapunga mkono tu."

"Na ya Alhamisi?"

"Ile ni kosa langu," alisema Kiwiko.

"Langu," alisema Mkasi wakati huohuo.

"Mmoja mmoja."

"Langu mimi," Mkasi alirudia. "Nilirudi nyuma ya kamera kuangalia tulichopiga, nikaona mwanga kati ya ngumi na shavu. Stendi ilikuwa imeteleza, lile paa lina mteremko. Nilitakiwa nisogeze kamera. Badala yake nikasogea mimi, nusu hatua, ili pengo lisionekane. Sikumwambia. Nikampa ishara apige."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Jua lilikuwa linahama. Nilikuwa nawaza picha, mama. Sikuwaza uso."

"Mimi ndiye ninayepima," Kiwiko alisema. "Kila mara kabla ya kupiga nampima kwa mkono. Mara ile sikupima kwa sababu nilikuwa nimeshapima kabla. Kwa hiyo ni langu."

Mama aliwatazama kwa zamu.

"Miaka ishirini na sita," alisema taratibu, "mwanamke anasema kosa ni langu. Hilo nina safu yake kwenye daftari. Mwanaume naye kusema ni langu, sijui niliandike wapi." Kisha sauti yake ikarudi ilikotoka. "Lakini maneno mazuri pia nimeyasikia. Wanakuja wodini na matunda, wanalia. Mimi sihukumu kwa maneno. Hiyo kanda ya Alhamisi ipo?"

Wale wawili hawakuangaliana.

"Tulirekodi juu yake palepale," alisema Mkasi. "Tuna kanda nne tu. Picha ikiharibika, tunarudisha nyuma na kuanza upya."

"Kwa hiyo hakuna ushahidi."

"Hakuna, mama," alisema Kiwiko.

"Basi nionyeshe. Hapa hapa. Hiyo kazi yenu inafanywaje."

Mjomba aliinuka nusu. "Dada, mimi naweza kusimama. Kwa ajili ya familia. Hasa lile teke la kuzunguka..."

"Kaa chini. Nitasimama mimi."

Mama alivua miwani, akaiweka mezani juu ya gazeti, akaja katikati ya zulia. Alikuwa mfupi, kichwa chake kilimfika Kiwiko kifuani. Kiwiko alinyoosha mkono mpaka vifundo vikakaribia shavu la Mama, akarudi nyuma kidogo, akaweka kiganja cha kushoto katika lile pengo, akakitoa.

"Hapo, mama. Usisogee. Ngumi itapita hapa. Lakini siipigi mpaka uniruhusu."

"Nikuruhusu vipi?"

"Kwa kope. Siyo kupepesa, kila mtu anapepesa. Unazishusha polepole mpaka chini, halafu unazinyanyua. Ukifanya hivyo, napiga. Usipofanya, sipigi."

"Na nikichelewa?"

"Nangoja."

"Na kamera inakula kanda?"

"Inakula, mama. Sisi tunangoja."

"Haya. Weka ngumi yako."

Kiwiko alivuta mkono nyuma ya sikio, akakunja ngumi, akatulia. Mama alimwangalia. Alipepesa, mara moja, mara mbili, kama kila mtu. Hakushusha.

Nusu dakika ilipita. Saa ya ukutani ilisikika kutoka jikoni.

"Dada, umemsikia?" Mjomba aliuliza. "Kope."

"Nimemsikia."

Mkasi alielewa kabla ya wengine. Mama yake hakutaka kuona ngumi. Ngumi alizijua. Alitaka kuona kitu kingine, na alikuwa na asubuhi nzima.

"Wewe ni mshona magodoro," alisema Mama.

"Ndiyo, mama."

"Unajaza sponji kwenye kitambaa, jioni unaruka ruka juu ya paa kama paka."

"Ndiyo, mama."

"Huyu binti kuna mhasibu amemuulizia. Ana meza, ana kiti kinachozunguka."

"Sikujua, mama." Jasho lilianza kuonekana juu ya mdomo wake.

"Sasa umejua. Na hizo video zako ni utoto."

"Zina nyota nne na nusu," Mjomba alinong'ona.

Dakika mbili. Mkono ulioinuliwa bila kushuka ni mzito kuliko godoro. Mkasi alijua hivyo, alishajaribu. Bega la Kiwiko lilianza kutetemeka, kwanza kidogo, kisha mpaka kwenye mkunjo wa shati. Mama aliliangalia bega. Ngumi hakuiangalia kabisa.

"Baba yako," alisema, bila kubadilisha sauti, "alikuwa anampiga mama yako?"

Mkasi alisimama. "Mama, hilo siyo..."

"Kaa. Namuuliza yeye."

Uso wa Kiwiko haukuwa na hasira. Ulikuwa umefungika tu, kama duka siku ya mapumziko. Mkasi alitaka kumshika ule mkono na kuushusha mwenyewe.

"Alikuwa anampiga, mama."

"Mbele yako?"

"Mbele yangu. Mama yangu alikuwa hajui inakuja saa ngapi. Hicho ndicho kilichokuwa kinamuua, zaidi ya kipigo chenyewe. Kutojua. Ndiyo maana nikaweka sheria ya kope."

Mkasi alikuwa akidhani sheria ile Kiwiko aliitoa kwenye filamu fulani. Miezi kumi na moja alikuwa akiitii, akiitania, akimwita mwalimu wa kope. Saa zote zile walizokaa kwenye viti vya plastiki, Kiwiko hakuwahi kufika asilimia ya kumwambia hili.

Dakika tatu zilipita, ikaingia ya nne. Jasho lilidondoka kutoka kwenye kidevu cha Kiwiko, likaingia kwenye kola iliyopigwa pasi. Mkono ulitetemeka wazi sasa. Haukwenda mbele, haukushuka.

Mama akashusha kope. Polepole, mpaka chini. Akazinyanyua.

Ngumi ilikuja. Ilipita mbele ya shavu lake kwa kasi ambayo Mjomba aliifuata kwa kichwa, na ncha ya kitambaa alichojifunga Mama kichwani ikapeperuka, ikalala tena. Mama hakuwa amesogea hata unywele.

"Hapo ulitakiwa ugeuze kichwa, dada," alisema Mjomba. "Ungeanguka kwenye kochi. Ingependeza sana."

"Upepo wake nimeusikia," Mama alisema. Alirudi kwenye kiti chake, akakaa. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa ncha ya gauni.

"Kuna kitu kimoja kilinishinda," alisema. Sasa alikuwa akizungumza na binti yake. "Kwenye ile video. Kabla ya kila pigo, macho yako yanafanya kitu. Mara zote kumi na saba. Nikasema, huyu anaogopa. Nikarudisha nyuma, nikasimamisha. Nikaona hapana. Mtu anayeogopa mkono anafumba macho, anayakaza, anainua bega. Nawaona kila wiki, hata mimi nikiinua mkono kumfunga mtu bandeji anafanya hivyo. Wewe ulikuwa huinui bega. Ulikuwa unayashusha kama mtu anayetaka kulala. Sikujua niandike nini."

"Ni kope, mama."

"Sasa nimejua ni kope. Lakini wewe ndiye unayekata. Ishara ni yenu, watazamaji haiwahusu. Kwa nini hukuzikata?"

"Hata mimi nilimuuliza," alisema Kiwiko. Alikuwa akijisugua bega. "Zinachelewesha pigo. Kuna mtu kaandika pale chini, pambano zuri lakini wanaangaliana sana. Nikamwambia azitoe. Akasema atazitoa."

"Hakuzitoa," alisema Mjomba. "Mimi ni shahidi."

Mkasi alihisi joto likimpanda mpaka kwenye shavu lililovimba. Angeweza kusema muda ulikuwa mfupi, kompyuta ilikuwa nzito. Lakini siku ya makabati ilikuwa imekwisha.

"Nilijaribu," alisema. "Kila nikifika hapo, mkono unakataa."

"Kwa nini?"

"Mama, mimi nakata harusi siku sita kwa wiki. Unajua naona nini? Bwana harusi anaangalia kamera. Bibi harusi anaangalia kamera. Wanalishana keki wakiangalia kamera. Natafuta sehemu moja ambayo mmoja anamwangalia mwenzake, niiweke mwisho, na mara nyingine siipati." Alisita. Hakuthubutu kumtazama Kiwiko, kwa hiyo alimtazama Mjomba, aliyekuwa amefungua mdomo kama mtu aliye katikati ya filamu. "Huyu ana ngumi imeshainuka, kanda inakwenda, jua linahama, na ananingoja. Mara kumi na saba. Sikuweza kumkata mtu anayeningoja."

Kiwiko alikuwa ameacha kujisugua bega.

Mama alinyanyuka, akaenda jikoni. Walisikia friji ikifunguliwa, kisha kitu kikigongwa kwenye sinki. Alirudi na barafu ndani ya taulo dogo, na bandeji mkononi.

"Kabati," alimwambia Mkasi akipita, "nitakuja kulizungumza na wewe peke yako. Ukinidanganya tena kuhusu mwili wako, nitakuja mwenyewe hapo studio na koti langu la kazi, mbele ya bosi wako."

"Ndiyo, mama."

"Na hilo paa mtafute sehemu ya sawa. Stendi ifungwe. Na yeye apime kila mara, hata kama amepima." Akamgeukia Kiwiko. "Shangazi yako anakuja Jumapili saa ngapi?"

"Saa nane, mama," alisema Kiwiko.

"Aje saa sita. Saa nane nina zamu." Alisukuma kile kiti kwa mguu, kikafika nyuma ya magoti ya kijana. "Kaa. Kifundo hicho kilihitaji barafu tangu Alhamisi. Wote wawili hamna akili."

Kiwiko alikaa. Mama alipiga goti mbele yake, akafunga lile taulo juu ya mkono wake, akazungusha bandeji kwa haraka ya mtu aliyefanya hivyo mara elfu. Juu ya kichwa cha mama yake, Mkasi hatimaye alimtazama Kiwiko. Alishusha kope mara moja, polepole, mpaka chini, akazinyanyua.

Mkono wa kulia wa Kiwiko ulikuwa umeshikwa. Hakuwa na pa kuupeleka, ukashtuka tu ndani ya bandeji.

"Usitikise mkono," alisema Mama, bila kugeuka. "Nimeona."